Kinga ya mkono ya mrusha mishale: Namna ya kuishona bila ngozi ya chatu

Kipande cha ngozi ya chatu kinachotosha kupamba kinga moja ya mkono hakizidi viganja viwili kwa ukubwa. Fundi akikamatwa nacho bila kibali, huenda akatozwa faini isiyopungua shilingi milioni moja au akafungwa kwa muda usiopungua miaka mitano, au akapewa adhabu zote mbili. Ndivyo kinavyosema kifungu cha 95 cha Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013.

Onyo hili linawahusu wakazi wa Kaunti ya Kitui moja kwa moja. Ukambani upinde si kitu kigeni: tangu zamani ulitumika kuwinda na kulinda mifugo, na stadi ya kuutumia ilipokezwa kutoka kwa wazee hadi kwa vijana. Siku hizi urushaji mishale ni mchezo wa kimataifa. Mwaka 2016 bendera ya Kenya katika ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki mjini Rio de Janeiro ilibebwa na mrusha mishale, Shehzana Anwar. Fundi anayejua kushona ngozi anaweza kupata riziki kwa kutengeneza vifaa vya mchezo huu, na kinga ya mkono ni kifaa kizuri cha kuanzia kwa sababu haihitaji mashine wala ngozi nyingi.

Wanunuzi wengi hupenda kinga yenye sura ya magamba ya nyoka. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuwapa sura hiyo bila kuvunja sheria.

Kazi ya kinga

Mrusha mishale anayetumia mkono wa kulia huvuta kwa mkono huo na kushika upinde kwa wa kushoto. Anapoachilia, ugwe, yaani kamba ya upinde, hurudi mbele kwa nguvu. Mshale wa upinde wa mashindano huondoka kwa kasi inayokaribia kilomita 200 kwa saa, na ugwe ndio unaousukuma. Ukigusa upande wa ndani wa mkono ulioshika upinde, huacha alama nyekundu, uvimbe au hata damu kuvilia chini ya ngozi.

Kinga huvaliwa hapo, kati ya kifundo cha mkono na kiwiko. Pia huzuia mkono wa shati usinase ugwe na kuupotosha mshale. Kwa hiyo uso wake unapaswa kuwa laini na tambarare. Pambo lolote litakalokwaruza ugwe ni kasoro, hata likiwa zuri kiasi gani.

Kuchagua ngozi

Sehemu kuu ya kinga hukatwa kutoka ngozi ya ng'ombe yenye unene wa milimita 2.5 hadi 3. Nyembamba zaidi ya hapo hujikunja. Nene zaidi humchosha mvaaji. Bitana, yaani tabaka la ndani linalogusa mwili, hutoka kwenye ngozi laini ya mbuzi yenye unene wa milimita moja hivi.

Fundi aulize ngozi ilitengenezwa kwa njia gani. Iliyotengenezwa kwa maganda ya miti, kama vile ya muwati, hupokea nakshi ikiloweshwa na kuihifadhi ikikauka. Iliyotengenezwa kwa kemikali ya kromu ni laini na hustahimili maji, lakini alama ikigongwa juu yake hufifia. Kwa kazi hii, inayofaa ni ile ya maganda ya miti.

Mfugaji naye ana sehemu yake. Ngozi yenye mikato ya kisu cha mchinjaji, alama za chuma cha moto au makovu ya miiba haiwezi kutoa kipande safi cha kutosha. Anayechuna kwa uangalifu, akaitia chumvi mapema na kuianika kivulini, huwa na bidhaa ambayo fundi anaweza kuitumia.

Kupima na kukata

1. Mnunuzi anyooshe mkono anaoshikia upinde. Pima kuanzia vidole vitatu juu ya kifundo cha mkono hadi vidole viwili kabla ya mkunjo wa kiwiko. Kwa watu wazima wengi urefu huwa karibu sentimita 18.

2. Chora umbo kwenye karatasi ngumu, upana wa sentimita 10 upande wa kiwiko na 7.5 upande wa kifundo. Viringisha pembe zote.

3. Funga karatasi hiyo mkononi, kisha mnunuzi akunje na kunyoosha mkono. Ikimchoma kwenye mkunjo wa kiwiko, ipunguze. Karatasi ni rahisi kurekebisha. Ngozi ikishakatwa haina marekebisho.

4. Weka karatasi juu ya ngozi, chora, kisha kata kwa kisu kikali kwa mkono mmoja usiosita. Lainisha kingo kwa msasa.

Sura ya magamba: njia mbili halali

Njia ya kwanza ni kuchonga magamba kwenye ngozi yenyewe ya ng'ombe. Lowesha uso kwa sifongo hadi rangi iwe nyeusi kidogo, kisha subiri ianze kurudi katika rangi yake. Wakati huo ngozi huwa laini na hupokea alama vizuri. Chukua kipande cha bomba jembamba la chuma, kikate na kukipiga tupa mpaka ncha yake iwe na umbo la nusu mwezi. Gonga safu ya kwanza, kisha ya pili ikiingia katikati ya magamba ya safu iliyotangulia, kama vigae vya paa. Usigonge kwa nguvu kiasi cha kukata uso.

Njia ya pili ni kubandika ngozi ya samaki. Mjini Kisumu ngozi ya mbuta, ambayo zamani ilitupwa baada ya minofu kuondolewa, sasa hutengenezwa kuwa ngozi ya viatu, mikoba na mishipi. Magamba yakiondolewa hubaki vifuko vidogo vilivyopangika kwa safu, na wengi wakiviona kwa mara ya kwanza hudhani ni ngozi ya nyoka. Ikitengenezwa vizuri haina harufu ya samaki. Kwa kuwa ni nyembamba, haiwezi kuwa kinga peke yake. Hubandikwa juu ya ngozi ya ng'ombe.

Kwa njia zote mbili, kuna jambo ambalo mafundi wanaoanza hulisahau. Ugwe hupita juu ya kinga kutoka upande wa kiwiko kuelekea kwenye kiganja. Magamba nayo lazima yaelekee huko, ncha zake zikitazama kifundo cha mkono. Yakigeuzwa, ugwe utakuwa unapanda magamba badala ya kuteleza juu yake, nao utachakaa upesi na kuchubua pambo. Telezesha kidole kutoka kiwikoni hadi kwenye kifundo: kikipita bila kukwama, magamba yamekaa sawa.

Kukunja, kushona na kumalizia

Ngozi ya ng'ombe ikiwa bado na unyevu, izungushe kwenye chupa ya soda ya kioo na kuifunga kwa vitambaa kwenye kingo ili ichukue mviringo wa mkono. Iache ikauke kivulini kwa siku moja au mbili. Jua kali huikausha haraka na kuipasua.

Ikikauka, bandika bitana upande wa ndani na ngozi ya mbuta, kama inatumika, upande wa nje. Gundi ya viatu ipakwe pande zote mbili zinazokutana, iachwe mpaka isinate kidoleni, ndipo vipande vigandamizwe. Kazi hii ifanywe kinga ikiwa imekunjwa. Ikibandikwa ikiwa bapa, bitana itafanya makunyanzi itakapokunjwa.

Mshono hupita milimita tano kutoka ukingoni. Toboa matundu kwa msharasi, moja kila baada ya milimita nne. Tumia uzi mmoja wa kitani wenye sindano kila mwisho, na sindano zote mbili zipite kwenye kila tundu kutoka pande zinazokabiliana. Uzi wa upande mmoja ukikatika, wa upande wa pili huendelea kushika. Kwa kinga ya ukubwa huu, mita mbili na robo za uzi zinatosha. Upakwe nta ya nyuki kabla ya kushona. Kitui inajulikana kwa asali, na nta inayobaki baada ya kukamua ina kazi kwenye karakana ya ngozi: huimarisha uzi, hung'arisha kingo na kuzuia maji.

Mikanda miwili au mitatu ya lastiki au ya ngozi hufungwa kuzunguka nyuma ya mkono. Bizimu na ribiti zote zikae upande wa nje, mbali na njia ya ugwe. Mwisho, paka nta uso mzima na kuusugua kwa kitambaa.

Sheria inasema nini kuhusu ngozi ya nyoka

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya nyara za wanyamapori. Sheria ya mwaka 2013 inamkataza mtu yeyote kuwa na nyara ya mnyamapori, kuiuza au kutengeneza bidhaa kutokana nayo bila kibali. Nyara si pembe za ndovu na za kifaru pekee. Ngozi ya mnyama wa porini ni nyara, na nyoka ni mnyama wa porini.

Wapo wanaodhani kwamba nyoka aliyegongwa na gari, au aliyekutwa amekufa shambani, ni mali ya aliyemwokota. Sheria haitofautishi hivyo. Inahesabu mnyama akiwa hai au amekufa, mzima au kiungo chake. Ngozi anayojivua nyoka mwenyewe ni dhaifu kama karatasi na haishoneki. Anayetaka kuitumia kwa pambo lolote aulize kwanza Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS).

Kwa anayeuza nje ya nchi kuna kizuizi kingine. Chatu wameorodheshwa katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa kimataifa wa CITES, ambao Kenya ni mwanachama wake. Bidhaa yenye ngozi ya chatu haivuki mpaka bila hati za mkataba huo. Mtalii aliyeinunua kwa nia njema anaweza kunyang'anywa kwenye uwanja wa ndege, na atakapoulizwa alikoipata, atamtaja fundi.

Tena nyoka ana kazi yake. Panya wanaoingia kwenye ghala za mahindi na ndengu ni chakula chake. Anayewaua nyoka ili auze ngozi huwaachia panya ghala lake na la jirani yake.

Kabla ya kupeleka sokoni

Nakshi nzuri ya magamba inaweza kumdanganya hata afisa anayefanya ukaguzi. Fundi ajilinde kwa hatua hizi:

• Ahifadhi risiti za ngozi zote alizonunua, hasa ya mbuta, zikionyesha muuzaji na aina ya ngozi.

• Aweke kibandiko kwenye kila kinga kinachosema ukweli: "ngozi ya ng'ombe yenye nakshi ya magamba" au "ngozi ya ng'ombe na samaki". Kuiita ngozi ya nyoka ili ipande bei ni kumpotosha mnunuzi, jambo linalokatazwa na Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012.

• Akiletewa ngozi ya nyoka na mtu asiye na kibali, aikatae, hata kama anaambiwa ni ya kazi moja tu.

• Aliye na ngozi ya nyoka, au bidhaa ya zamani iliyotengenezwa kwayo, aende katika ofisi ya KWS iliyo karibu apate mwongozo kabla ya kuiuza au kuitoa kama zawadi.

• Awe na leseni ya biashara ya kaunti. Maelezo yanapatikana kwa afisa wa biashara katika kila kaunti ndogo.

Kinga iliyoshonwa kwa njia hii itafanya kazi ile ile ambayo ingefanywa na ile ya ngozi ya chatu, kwani kinachozuia pigo la ugwe ni ngozi ya ng'ombe iliyo chini ya pambo. Magamba ni ya kupendeza macho, na macho yanaweza kupendezwa na kazi ya tupa na nyundo, au na ngozi ya samaki iliyokuwa itupwe. Fundi atauza hadharani, na mnunuzi atavaa bila hofu.