Pikipiki Yako Haipandi Mlima?

Ukipita Nairobi upande wa Eastlands, kutoka Shauri Moyo kufuata Barabara ya Jogoo, kisha Kariobangi, Dandora mpaka Kayole, utawaona mafundi wa jua kali kando ya njia, kila mmoja na pikipiki iliyofunguliwa mbele yake. Mwaka 2008 Serikali iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, nazo zikaenea upesi mjini na mashambani. Wateja wa mafundi hao ni vijana wa boda boda hasa, lakini wakulima wa skimu nao huenda huko, kwa sababu spea hupatikana na fundi hakawii.

Jambo la kwanza yafaa ulijue kabla hujafunga safari. Fundi wa Eastlands hurekebisha pikipiki kwa ajili ya Eastlands. Huko ardhi ni tambarare, na mzigo ni abiria. Wewe unabeba mtungi wa maziwa wa lita 50, ambao maziwa peke yake yanapita kilo 51, nawe unapanda mlima wenye matope. Usipomweleza hayo, atakupa pikipiki ya kijana wa Kayole.

Mimi nilipata somo hili kwa fedha zangu. Fundi mmoja alinikatia eksosi, akang'oa chujio la hewa, akatia jeti kubwa katika kabureta. Pikipiki ilinguruma kama lori, nikafurahi sana. Nilipofika nyumbani haikupanda mlima kuliko zamani, na petroli ilikuwa ikiisha upesi. Baada ya miezi michache ikaanza kutoa moshi wa buluu. Vumbi la barabara lilikuwa limekula ringi na silinda, na matengenezo yakamaliza fedha za maziwa za miezi miwili. Makelele si nguvu. Tena Kanuni za Makelele za mwaka 2009 zinakataza kelele za kupita kiasi, na eksosi iliyokatwa haina utetezi.

Basi ni nini kinachosaidia kwa gharama ndogo? Ni sproketi, yaani yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni, moja mbele kwenye injini na moja kwenye gurudumu la nyuma. Hesabu yake ni ya darasani. Tuseme ya mbele ina meno 14 na ya nyuma 42. Gawanya 42 kwa 14, utapata 3: ya mbele huzunguka mara 3 gurudumu likizunguka mara moja. Sasa weka ya mbele yenye meno 13. Utapata 3.23, na nguvu ya kuvuta imeongezeka kwa sehemu 7 au 8 katika 100. Injini ni ile ile.

Lakini hakuna cha bure. Kwa mzunguko ule ule wa injini, pikipiki iliyokuwa ikikimbia kilomita 80 kwa saa sasa itakimbia kama 74. Kijana wa boda boda atakataa, maana anashindana na wenzake. Wewe mwenye maziwa unapoteza nini? Angalia tu kwamba sproketi ndogo ya mbele hukunja cheni zaidi, nayo cheni huchakaa mapema. Ukibadilisha ya nyuma badala yake, ukaweka yenye meno 45, utapata karibu nguvu ile ile, ila huenda cheni ikawa fupi. Hesabu meno ya zile ulizo nazo kabla ya kununua, na uende na ile ya zamani mkononi.

Jambo la pili ni hewa, na hapa ndipo wengi hukosea. Kadiri unavyopanda juu, hewa hupungua. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari. Kinangop mashamba mengi yako zaidi ya mita 2,400. Injini ikikosa hewa na petroli ikabaki ile ile, petroli haiungui yote. Kwa hiyo mtu wa Kinangop anayetia jeti kubwa ili apate nguvu anaizamisha injini. Anayohitaji ni jeti ndogo kidogo. Mtu wa Mwea, aliye chini kuliko Nairobi, asimwige, kwa sababu huko jeti iliyo ndogo mno huleta joto kali, na pistoni huweza kuungua.

Utajuaje? Panda mlima wako na mzigo wako, zima injini kule juu, ngoja ipoe, kisha fungua plagi. Ikiwa nyeusi yenye masizi, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe, petroli ni haba; usiendelee nayo. Rangi ya kahawia, kama chai ya maziwa iliyokolea, ndiyo njema. Jaribio hili halifanyiki Kariobangi. Mwombe fundi akuuzie jeti mbili au tatu za ukubwa unaofuatana, akuonyeshe jinsi ya kuzibadilisha, ukajaribu nyumbani.

Kabla ya hayo yote, inua gurudumu la nyuma ulizungushe kwa mkono, gia ikiwa huru. Lisipozunguka kwa urahisi, breki inashika au cheni imekaza mno, na huo ndio mlima wako wa kwanza. Tazama upepo wa matairi, safisha chujio, paka cheni oili. Na kwa kuwa utakayepanda na mtungi utateremka pia, badilisha viatu vya breki vilivyolika siku ile ile ya sproketi.

Jeti ya zamani usiitupe. Ifunge katika kitambaa uiweke pamoja na spana zako. Siku utakapomwuzia pikipiki mtu wa Mwea, ataihitaji.