Mwamba wa Kupasua na Mwamba wa Kuacha

Chini ya Goweko hakuna mafuta, wala hayatapatikana. Stesheni hii ya Reli ya Kati, wilayani Uyui, imekaa juu ya granaiti ya zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mafuta huiva ndani ya matope yenye mabaki ya viumbe, yaliyofukiwa kwa kina kirefu. Granaiti ni mwamba ulioyeyuka ukapoa. Kaskazini mashariki, katika bonde la Wembere, granaiti hiyo inazama chini ya mashapo, na huko Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) limekuwa likitafuta mafuta.

Yakipatikana, je, mwamba wake utafaa kupasuliwa kwa maji ya shinikizo kubwa, mbinu iliyojaribiwa Kansas, Marekani, mwaka 1947?

Kwanza hupimwa upitishaji, yaani jinsi mwamba unavyoruhusu mafuta kupita. Mafuta ya Ziwa Albert, Uganda, yaliyogunduliwa 2006, yamo katika mchanga unaopitisha vizuri, hayahitaji upasuaji. Unaohitaji ni mwamba uliobana, wenye upitishaji wa chini ya milidarsi 1 hivi.

Kipimo cha mfinyanzi ndicho ninachokihofia zaidi. Wanyamwezi wanaijua mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi: masika huvimba na kunasa magurudumu, kiangazi hufanya nyufa. Madini ya aina hiyo, smektaiti, yakiwamo ndani ya mwamba wa mafuta, maji yasiyo na chumvi huyavimbisha, nayo huziba njia ambazo upasuaji umefungua. Kwa hiyo maabara hupitisha maji ya chumvi katika kipande cha mwamba, kisha maji yasiyo na chumvi. Upitishaji ukiporomoka, maji matupu hayafai. Huongezwa chumvi ya potasiamu au mpango huachwa. Mwamba wenye kwazi nyingi huvunjika vizuri. Wenye mfinyanzi mwingi hujipinda na kujifunga tena.

Nta nayo ina neno. Bomba la kutoka Hoima kwenda Tanga, linalopita Nzega na Igunga, limesanifiwa ili lipashwe moto hadi nyuzi 50 hivi, kwa kuwa mafuta ya Albert huganda yakipoa. Kwenye mafuta ya namna hiyo, maji baridi yanaweza kugandisha nta ndani ya nyufa.

Ila granaiti ya Goweko yenyewe inapasulika kwa faida nyingine: maji. Mashariki yake ndiko kulikokuwa na Mgunda Mkali, nyika iliyotisha misafara ya Bagamoyo kwa uhaba wa maji. Maji ya huku hukaa katika tabaka lililooza la juu na katika nyufa za mwamba mgumu. Kisima kirefu kikikosa ufa kwa mita chache, kizibo hushushwa hadi kwenye mwamba imara, maji safi yakasukumwa chini yake, nyufa zikafunguka na kusafishwa udongo. Hakuna kemikali inayohitajika. Kisima hupampiwa kabla na baada ya kazi ili kulinganisha. Kizibo kisikae juu mno: ufa ukifika kwenye tabaka lililooza, unaweza kuvuta maji ya vyoo vya jirani.