Kitambaa cha Neti: Lipia Nusu Mita Kabla ya Jora

Msimu wa harusi ukifika, kuna kitambaa ambacho mafundi wengi hukiagiza kwa simu: neti inayovutika. Ni ile nyepesi ya mikono ya magauni, leginzi za mazoezi na mavazi ya wachezaji densi. Kwenye picha ya WhatsApp neti zote ni moja. Mkononi, hapana! Neti ya shela haivutiki. Ukiishonea mkono wa kubana, bibi harusi hataweza hata kuinua kisu cha keki. Na ukishakata mita 12, ni muuzaji gani atakurudishia pesa?

Kwa hivyo lipia nusu mita kwanza. Ikifika, weka alama mbili zilizoachana sentimita 10, shika hapo, kisha vuta juu ya rula. Ikifika 15 bila kung'ang'ana, kitambaa kinavutika kwa asilimia 50. Sasa achilia. Ikirudi 10, iko sawa. Ikibaki 11, hiyo leginzi italegea magotini baada ya kuvaliwa mara chache tu. Vuta pia upande wa pili, kwa sababu neti nyingine huvutika upande mmoja pekee, na huo ndio unaopaswa kuzunguka mwili.

Hako kanusu mita usikatupe, katumie kujaribu mshono. Sindano ya kawaida inaweza kukata nyuzi za neti na kuacha vishimo, kwa hivyo ulizia ya vitambaa vya kuvutika, yenye ncha butu, namba 70 au 75. Uzi uwe wa poliesta. Wa pamba hukatika mvaaji akijinyoosha. Cherehani ikiwa na zigizaga, weka nyembamba. Kama yako ni ile ya kukanyaga, inayoshona mstari ulionyooka tu, bado kazi itatoka: fupisha mishono na uvute neti kidogo unaposhona. Kidogo, nimesema, la sivyo mshono utatoka na mawimbi. Mashine ikimeza kitambaa pale mwanzoni, weka karatasi nyembamba chini, shona juu yake, halafu uichane. Pasi iwe na moto mdogo sana, maana nailoni huyeyuka. Raha yangu na neti hii ni moja: ukingo wake hautoki nyuzi, hivyo si lazima uukunje.

Tuje kwa pesa. Lipa kwa nambari ya till ya duka badala ya nambari ya mtu binafsi, na jina likitokea kwenye skrini, lisome kabla ya kuweka PIN. Mteja naye akikupa deposit, ihesabu itoshe kitambaa chote pamoja na kipande cha kujaribia. Akisema ameshatuma, angalia salio lako mwenyewe, si ujumbe anaokuonyesha kwenye simu yake.

Ujumbe wa malipo ya nusu mita usiufute. Ndio utakaomtumia muuzaji ukimwambia unataka jora lile lile, kwa sababu rangi hiyo hiyo kutoka jora lingine inaweza kuvutika tofauti. Mzigo ukifika, rudia ile rula kabla ya kushika makasi. Ukiona tofauti, mpigie siku hiyo hiyo, jora likiwa bado zima.