Sumu na Tiba (4): Nyoka Wetu, Dawa ya Kuagiza

Mvua za masika zimerudisha magazetini habari za nyoka kukimbia maji na kuingia majumbani. Wanaofuatilia mfululizo huu wanajua jinsi sumu ya koboko inavyokata pumzi na ya kifutu inavyoozesha nyama, kwa hiyo sitarudi huko. Leo twende Bac Lieu.

Mwaka 1891, katika kijiji hicho cha kusini mwa Vietnam ya leo, mafuriko yaliwasukuma swila hadi kwenye makazi ya watu, wakauma na kuua. Habari zikamfikia Albert Calmette, daktari kijana wa Kifaransa aliyeongoza maabara ya Saigon. Akawapata baadhi ya nyoka wale, akaanza kuichunguza sumu yao. Mwaka 1894 akatangaza kwamba mnyama aliyedungwa sumu kidogo kidogo hujenga kinga, na kwamba seramu ya damu yake huweza kumwokoa mwingine. Farasi ndio waliokuja kutumika kuitengeneza dawa hiyo, na hadi leo bado wanatumika.

Calmette aliamini seramu ya swila ingefaa kwa nyoka wengine wote. Aliyempinga ni daktari wa Brazil, Vital Brazil (naam, alipewa jina la nchi yake). Alionyesha kuwa seramu ya Ufaransa haikufua dafu mbele ya nyoka wa kwao. Kuanzia 1901, akiwa mkuu wa taasisi ya Butantan huko São Paulo, akatengeneza seramu za nyoka wa Brazil. Na hao nyoka aliwapata kwa nani? Kwa wakulima! Taasisi iliwapa masanduku na vifaa vya kunasia. Mkulima alituma nyoka hai kwa garimoshi bila kulipa nauli, akarudishiwa seramu. Kila nikiukumbuka mpango huo huona wivu.

Maana sisi hatukukosa nyoka wala wanasaji. Tanganyika ilikuwa na Ionides, Bwana Nyoka wa Liwale na Newala, aliyenasa maelfu ya nyoka, wengi wao wakaishia ng'ambo. Dawa tumeendelea kuinunua. Kampuni ya Ufaransa iliyotengeneza Fav-Afrique, seramu iliyolenga nyoka 10 wa Afrika, iliacha kuitengeneza mwaka 2014 kwa kuwa haikuwalipa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka, wengi wao wakulima na watoto wa vijijini. Kama wangekuwa wanaumwa matajiri, nadhani seramu hiyo isingeachwa.

Nafasi inaniishia, basi kwa ufupi. Usiku tembea na tochi, lala ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri, ondoa takataka zinazovuta panya. Mtu akiumwa, mvue pete na bangili, mguu au mkono ulioumwa usitikisike, apelekwe hospitali mara moja. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba, na hilo jiwe la nyoka liache dukani. Swila akitema machoni, osha kwa maji mengi safi.

Na ukifika kituo cha afya cha kwenu, uliza kama seramu ipo. Ikiwepo, omba usomewe ni ya nyoka gani, kisha mwulize diwani wako kama hao ndio nyoka wa kata yenu.