Je, Wajua? Printa na Mafaili Bila Kugusa Bando

Je, wajua kwamba faili likitoka kwenye simu iliyoko sebuleni kwenda kwenye printa iliyoko chumbani, halili bando hata kidogo? Ruta hulipokea na kulikabidhi humohumo ndani. Wi-Fi ni kitu kimoja na intaneti ni kitu kingine. Intaneti ni mlango wa nje tu. Bando likiisha mlango huo hufungwa, lakini vyumbani bado mnapitana. Kwa mwalimu wa Vihingo, Kisarawe, anayetunga mtihani usiku huku salio limekata, sioni habari muhimu kuliko hii.

Je, wajua kwamba hata ruta si lazima? Simu nyingi za Android hukubali kuwasha hotspoti hata data ikiwa imezimwa. Unganisha laptopu na printa kwenye hotspoti hiyo, na mtandao wa nyumbani umeshakamilika. Ila hakikisha data imezimwa kweli, la sivyo laptopu itaanza kujisasisha kimyakimya na bando la wiki litaisha kabla ya chai ya saa nne.

Printa zenye Wi-Fi Direct hurusha mtandao wao zenyewe. Utautambua kwenye simu: jina lake huanza na neno DIRECT.

Je, wajua kwamba kompyuta zilianza kuwasiliana kwa mawimbi ya redio mwaka 1971, kwenye visiwa vya Hawaii? Norman Abramson na wenzake wa chuo kikuu cha huko waliuita mtandao wao ALOHAnet. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1974, serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini.

Kiwango cha kwanza cha Wi-Fi kilitoka mwaka 1997 kikiwa na kasi ya megabiti 2 kwa sekunde. Picha ya megabaiti 4 ingehitaji sekunde 16 kupita, tena kama mambo yamenyooka.

Je, wajua kwa nini printa iliyokuwa ikifanya kazi jana, leo kompyuta inasema haipo? Mara nyingi chanzo ni kukatika kwa umeme. Kila kifaa kinapojiunga, ruta hukipa anwani ya namba, kwa mfano 192.168.1.10. Umeme ukirudi, ruta hugawa anwani upya, na printa inaweza kuamka na nyingine. Kompyuta inaendelea kugonga anwani ya zamani bila kuitikiwa. Dawa yake ni kuingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta (kwa kawaida huandikwa kwenye kibandiko chini yake) na kuifungia printa anwani moja ya kudumu. Ukifanya hivyo mara moja, fundi hana tena sababu ya kuitwa kila baada ya mgao.

Anwani hizohizo za 192.168 zinatumika Kibaha, Muscat na Toronto kwa wakati mmoja bila kugongana. Zilitengwa kwa ajili ya mitandao ya ndani tu, kwa waraka wa Februari 1996, na hazitoki kwenda kwenye intaneti.

Je, wajua kwamba mabati huyarudisha mawimbi ya Wi-Fi, na majani mabichi huyameza kwa sababu yana maji? Mwembe au mkorosho uliostawi kati ya nyumba kubwa na chumba cha uani unatosha kuidhoofisha Wi-Fi. Weka ruta juu, katikati ya nyumba, mbali na kabati la chuma. Na kama ruta inarusha masafa mawili, jua kwamba printa nyingi za bei nafuu husikia gigahezi 2.4 pekee. Ukiitafutia printa hiyo gigahezi 5, utakesha.

Mtandao wa wageni? Ruta nyingi huwaficha wageni wasione vifaa vya nyumbani. Mpwa wako akishindwa kuiona printa, kwanza angalia amejiunga wapi.

Ruta hula wati chache tu, na sola ndogo huimudu. Printa ya leza ni jambo jingine kabisa: inapopasha joto huvuta mamia ya wati. Kwenye sola, chukua ya wino wa maji.

Je, wajua kwamba kirusi cha WannaCry, kilichovamia nchi zaidi ya 150 Mei 2017, kilipita kwenye njia ileile ambayo Windows huitumia kushirikishana mafaili? Kiliingilia tundu la usalama ambalo Microsoft ilikuwa imeshaliziba tangu Machi. Waliokuwa wamesasisha kompyuta zao walinusurika na tundu hilo. Kwa hiyo data ya kusasisha Windows usiibanie. Kwenye ruta chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3, badilisha nenosiri la kiwandani, na zima WPS, ambayo udhaifu wake ulianikwa hadharani tangu 2011.

Kaskazini mwa Uganda, kuanzia 2007, mradi wa BOSCO wa Jimbo Kuu la Gulu uliunganisha kambi za wakimbizi wa ndani kwa Wi-Fi ya masafa marefu na umeme wa jua. Kambi moja iliweza kuipigia nyingine simu kupitia mtandao huo.

Je, wajua kwamba simu yako inaweza kuwa maktaba ya mtaa? Pakua Kiwix, programu ya bure, kisha Wikipedia ya Kiswahili, ambayo yote huenea kwenye flashi ndogo. Kiwix ya Android ina sehemu ya kuwagawia wengine vitabu kwa hotspoti: watoto wanafungua kivinjari kwenye simu zao na kusoma. Vitabu vya kiada unavipata kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Mmoja akivipakua akiwa Kisarawe mjini au Kibaha, akaviweka kwenye folda ya pamoja, nyumba nzima inasoma kwa bando la mtu mmoja.