Majina ya Programu na Akiba Inayobebeka kwa Flashi

Debaga ni programu inayoendesha programu nyingine ili kuichunguza. Huisimamisha pale mchunguzi anapotaka, huonyesha thamani za vigeu kwa wakati huo, na programu ikianguka husema imeangukia mstari upi wa msimbo. Iliyozoeleka zaidi kwenye Linux ni GDB, ambayo Richard Stallman aliianza mwaka 1986 na ambayo mpaka leo hupatikana bure. Sehemu kubwa ya kazi yake inategemea kitu ambacho programu yenyewe haina haja nacho: majina. Prosesa haijui kwamba mahali fulani kuna funksheni iitwayo tafuta_mgonjwa. Inachojua ni anwani tu, namba kama 0x401136. Anayejua majina ni kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo kwa lugha ya prosesa, na akiamriwa kwa alama ya -g huyaweka ndani ya faili la programu, pamoja na aina ya kila kigeu, namba za mistari na majina ya mafaili ya msimbo.

Kwenye Linux taarifa hizo huandikwa kwa mtindo uitwao DWARF, uliozaliwa Bell Labs mwishoni mwa miaka ya 1980 na ambao toleo lake la tano lilitoka mwaka 2017. DWARF ilibuniwa ibane nafasi. Haikubuniwa ili jina moja lipatikane upesi. Habari zake zimepangwa kama miti, mti mmoja kwa kila kitengo, yaani kila faili la msimbo lililopitishwa kwenye kompaila, na urefu wa kila kipande haujulikani mpaka kisomwe. Anayetaka kujua tafuta_mgonjwa imo katika kitengo kipi kwa kawaida hana njia ya mkato. Hupita vitengo vyote. Kwa zoezi la darasani lenye mistari mia mbili hakuna atakayehisi lolote. Kwa programu kubwa kama kivinjari, taarifa hizi peke yake hufika gigabaiti nzima na zaidi, na debaga iliyozipitia jana huzipitia tena leo kana kwamba haijawahi kuziona.

Uzito huo haumpati kila mtu sawasawa. Lilongwe, mji mkuu wa Malawi, shirika la Baobab Health Trust lilitengeneza mifumo ya kuandikisha wagonjwa kwa skrini za kugusa, likitumia kwa miaka mingi lugha ya Ruby na hifadhidata ya MySQL. Ruby ni rahisi kwa mwandishi, lakini mkalimani wake, yaani programu inayoiendesha, ameandikwa kwa C, na MySQL kwa C++. Siku mojawapo kati ya hizi mbili ikianguka yenyewe, kinachofunguliwa ni GDB. Karibu kilomita 45 kaskazini, katika wilaya ya Dowa, iko kambi ya Dzaleka, iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la enzi za Rais Kamuzu Banda. Ilikusudiwa watu elfu kumi hivi. Sasa wamo zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili husikika humo kila kona. Ni mle ndani Remy Gakwaya, mkimbizi kutoka Burundi, alimoanzisha TakenoLAB, mahali pa kufundishia vijana uandishi wa programu. Mwanafunzi mwenye laptopu ya mkono wa pili na RAM ya gigabaiti 4 akifungua debaga juu ya programu kubwa, kila sekunde ya kusubiri ataiona, na mashine ikianza kuhamishia kumbukumbu kwenye diski, sekunde hugeuka dakika.

Dawa iliyofikiriwa mapema ni kuweka akiba: kazi ya kusoma majina ifanywe mara moja, matokeo yaandikwe kwenye faili, na safari ijayo debaga ilichukue faili hilo kama lilivyo. Chombo kinachowezesha hilo ni mwito wa mfumo endeshi uitwao mmap. Kwa kawaida programu ikitaka faili huomba baiti zake zinakiliwe kwenye kumbukumbu, halafu hufanya kazi na nakala. Kwa mmap hakuna nakala ya namna hiyo. Kiini cha mfumo endeshi hulipachika faili kwenye anwani za programu, kisha hakifanyi kitu kingine. Programu inapogusa anwani mojawapo, na ukurasa husika wa faili, kwa kawaida wenye baiti 4,096, haumo kwenye RAM, prosesa husimama kidogo, kiini huuleta kutoka diski, na kazi huendelea bila programu kujua kilichopita. Ukurasa usioguswa haulazimiki kuletwa, ingawa kiini huwa na mazoea ya kuvuta na majirani zake. RAM ikibana, kurasa hizi ndizo rahisi kuachiwa: hazijabadilishwa, na asili yake iko diskini. Kwa mashine ndogo sifa hii ya mwisho ina thamani kuliko hata kasi.

Jaribio la kwanza la GDB lilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati kampuni ya Cygnus ndiyo iliyokuwa ikiitunza. Fred Fish aliandika maktaba iitwayo mmalloc, iliyogawa kumbukumbu ndani ya eneo lililopachikwa kwenye faili. Mtumiaji akitaja -mapped, majedwali yote ya majina yaliyojengwa na GDB yalibaki katika faili lenye mkia wa .syms, programu fred ikazaa fred.syms. Mara ya pili debaga ilipachika faili hilo na kuanza kazi papo hapo.

Ulikuwa werevu wenye gharama. Jedwali la ndani la debaga limejaa pointa, yaani vigeu vinavyoshika anwani ya kitu kingine. Tuseme jina limewekwa kwenye anwani 0x50002000 na kitengo chake kina pointa inayosema 0x50002000. Namba hiyo ikiandikwa kwenye faili, ni kweli kwa sharti kwamba faili litapachikwa tena kuanzia anwani ileile. Likisogea hata kwa ukurasa mmoja, pointa zote huelekeza kusiko. Tena umbo la majedwali lilikuwa la GDB iliyoyaandika: toleo jingine, au mashine ya aina nyingine, lisingeyaelewa. Mwongozo wa wakati huo ulikiri kwamba faili la .syms ni sura halisi ya jedwali la ndani na haliwezi kutumiwa na mashine za aina tofauti. Njia hiyo iliondolewa katika muongo wa kwanza wa miaka ya 2000, na haikuliliwa na wengi. Ingebaki, mtindo wa Linux wa kubahatisha anwani za programu kwa sababu za usalama, ulioanza mwaka 2005, ungeitaabisha zaidi.

Kilichofuata kilikuwa na tamaa ndogo, na hapo ndipo penye ubora wake. Mwaka 2010 Tom Tromey aliiongezea GDB fahirisi: sehemu ya faili iitwayo .gdb_index, isiyohifadhi majedwali ya debaga bali jibu la swali moja tu, jina hili limo katika vitengo vipi. Ndani yake hakuna pointa. Kila rejeo ni umbali unaohesabiwa kutoka mwanzo wa eneo linalojulikana ndani ya fahirisi yenyewe, kwa hiyo ipachikwe popote, hesabu inabaki ileile. Namba zote huandikwa kwa mpangilio mmoja wa baiti, ile ndogo kwanza, bila kujali aina ya mashine.

Utafutaji wake unastahili kutazamwa kwa karibu. Debaga hupitisha tafuta_mgonjwa kwenye hesabu ya hashi na kupata namba. Namba hiyo huonyesha kijumba kimoja katika jedwali ambalo ukubwa wake siku zote ni kipeo cha 2. Kila kijumba kina baiti 8: nne zinasema jina limeandikwa umbali gani, nne zinasema orodha ya vitengo iko umbali gani. Zote zikiwa sifuri, kijumba ni kitupu na jina halipo. Jina lililomo likiwa jingine, debaga huruka hatua kadhaa na kujaribu tena. Jedwali la vijumba 65,536 ni kilobaiti 512, yaani kurasa 128. Lakini jina kamili linapotafutwa huguswa ukurasa wa kijumba, wa jina na wa orodha, basi. Kitengo kikishajulikana, GDB husoma DWARF ya kitengo hicho peke yake. Kukamilisha jina lililoandikwa nusu ni habari nyingine, kwa kuwa hulazimu kupita jedwali zima, ila hata hapo ni nafuu kuliko kuipitia DWARF yote.

Lilibaki swali la kuaminika. Akiba ya programu ya jana, ikitumiwa kwa programu iliyojengwa upya leo, itatoa majibu ya uongo kwa sauti ya uhakika. Tarehe ya faili si shahidi mzuri, maana hubadilika kwa kunakili tu. Suluhisho lilikuwa kitambulisho kinachotiwa ndani ya programu na linka, chombo kinachounganisha vipande vilivyotoka kwa kompaila, kwa kawaida baiti 20 zinazotokana na yaliyomo: programu ikibadilika, nacho hubadilika. Toleo la 8.3 la GDB, la mwaka 2019, lilikitumia kitambulisho hicho kuipa jina akiba. Mtumiaji akiwasha index-cache, ambayo kwa kawaida huja imezimwa, GDB ikikutana na programu isiyo na fahirisi huitengeneza na kuiandika katika saraka ya .cache/gdb chini ya jina la kitambulisho. Safari ijayo hutafuta jina hilo na kulipachika faili kwa mmap.

Uandishi wenyewe hufanywa kwa tahadhari. Fahirisi huandikwa kwanza kwenye faili la muda, na likikamilika ndipo hupewa jina lake la kudumu kwa hatua moja. Debaga ikiuawa katikati, linalobaki ni faili la muda lisilosomwa na mtu. Malawi haihitaji kuelezwa faida ya kujihadhari namna hiyo: Januari 2022 dhoruba ya kitropiki Ana iliharibu kituo cha umeme cha Kapichira kwenye Mto Shire, na nchi ikapungukiwa na karibu megawati 130. Nako kupachika faili kuna hatari yake. Mtu akilifupisha faili lililokwisha kupachikwa, programu inayogusa ukurasa uliopotea huuawa hapohapo.

Maabara ambamo wanafunzi kadhaa huingia kwenye mashine moja kubwa hunufaika mara mbili, kwa kuwa wanaopachika faili moja hushirikiana kurasa zilezile za RAM. Lakini akiba ya GDB ni ya kila mtumiaji peke yake. Inaweza kuelekezwa kwenye saraka ya pamoja. Hilo lifanywe pale tu mwenye ruhusa ya kuandika ni msimamizi, kwani fahirisi iliyochezewa inaweza kuipoteza debaga au kuiangusha.

Kwa Dzaleka njia nyingine inafaa zaidi. Amri ya gdb-add-index huitia fahirisi ndani ya faili la programu, na linka kama lld huweza kufanya hivyo wakati wa kujenga. Kwa kuwa fahirisi haina pointa, kazi nzito inaweza kufanywa kwenye mashine yenye nguvu Lilongwe, faili likatiwa kwenye flashi, na laptopu dhaifu kambini ikaikuta tayari. Kwa faili la .syms hilo lingekuwa la kubahatisha. Jambo hili si dogo kwa watu ambao sera ya Malawi huwataka waishi kambini, na ambao mwaka 2023 serikali iliwarudisha wengi huko kutoka mijini. Ipo pia debuginfod, huduma iliyoanza mwaka 2019, ambayo hupokea kitambulisho kupitia intaneti na kurudisha taarifa za DWARF. Ni nzuri sana mahali bando lisipohesabiwa kwa megabaiti.

Uhitaji wa akiba umepungua kiasi tangu mwaka 2022, kisomaji cha DWARF ndani ya GDB kilipoandikwa upya kifanye kazi kwa nyuzi nyingi, yaani mikondo ya kazi inayokwenda sambamba. Prosesa yenye viini vinane vya kuchakatia hufurahia hilo. Yenye viini viwili hufaidi kidogo, na diski ya kuzunguka haiongezi mwendo kwa sababu ya nyuzi. Kwa mashine za namna hiyo index-cache ingali na kazi, na iwashwe. GDB haikuweka kikomo cha ukubwa wa saraka ya akiba, na kila programu iliyojengwa upya huongeza faili jipya humo. Diski ikijaa, vilivyomo vifutwe bila hofu: fahirisi itakayohitajika tena itaandikwa upya.