Jino la Maziwa Maabarani na Tatizo la Istilahi 'Seli Shina'

Aghalabu mtoto ang'okapo jino la maziwa, hulirusha juu ya paa akiomba aletewe jingine jipya. Mnamo mwaka 2003, watafiti wa Marekani wakiongozwa na Songtao Shi walionyesha kuwa ndani ya jino hilo linalotupwa mna kiini chenye seli shina zilizo hai. Miaka mitatu awali, Stan Gronthos, Shi na wenzao walikuwa wametenga seli za namna hiyo katika magego ya mwisho ya watu wazima. Utafiti mwingi wa kurejesha uhai wa meno umeegemea matokeo hayo mawili.

Seli shina ni seli ambayo bado haijapewa kazi maalumu. Huweza kujigawa ikazaa nyingine mfano wake, na vilevile ikazaa seli zenye kazi mahsusi. Katika jino, zao lake kuu ni seli zinazojenga dentini, yaani tabaka gumu lililo chini ya enameli. Enameli yenyewe haimo katika hesabu hii kwani seli zinazoiunda hufa jino linapochomoza. Kwa hivyo kauli 'kuotesha jino', inayopendwa mno na magazeti, inapotosha. Katika utafiti uliofanywa nchini China na kuchapishwa mwaka 2018, watoto waliokuwa wameumia meno ya mbele walipandikizwa seli zilizotoka katika meno yao wenyewe ya maziwa. Kilichorejea ni kiini, pamoja na mishipa yake ya damu na ya fahamu. Jino lilikuwapo tangu hapo.

Mwanafunzi wa uzamili katika taaluma hii huonana na mgonjwa kwa nadra. Kazi yake ni kulipasua jino, kukitoa kiini, kukiyeyusha kwa vimeng'enya, kisha kuzikuza seli katika sahani na kuzibadilishia maji ya lishe kila baada ya siku chache. Kuvu ikiingia, kazi ya majuma hutupwa. Huko King's College London, Paul Sharpe na wenzake walitangaza mwaka 2017 njia nyingine: dawa ya tideglusib, iliyokuwa imejaribiwa kwa wagonjwa wa Alzheimer, ilitiwa katika kipande cha sifongo cha kolajeni na kuwekwa katika tundu la jino la panya. Dentini ikajengeka. Hakuna seli iliyopandikizwa. Zilizokuwamo ziliamshwa tu.

Mtafiti anayehitaji meno ya watoto wa Nairobi au Mombasa hana budi kupata ridhaa ya wazazi kwa lugha waielewayo, na hapo ndipo mwanaisimu anapohitajika. 'Seli shina' ni tafsiri sisisi, ingawa inakubaliana na maana ya shina kama chanzo cha matawi. Hata hivyo, mzazi anayesikia 'shina' na 'jino' kwa pamoja huenda akadhani ni mzizi utakaong'olewa. 'Seli mama' ina hatari zaidi: mama anaweza kuamini kuwa seli zitatolewa mwilini mwake. Ni afadhali hati ianze kwa maelezo, 'seli changa zilizo ndani ya jino, ziwezazo kuzaa seli za aina nyingine', ndipo istilahi ifuate. Na iseme waziwazi kwamba jino linachukuliwa kwa utafiti, wala si kwa kumtibu mtoto huyo.